Mohamed Amin, mpiga picha aliyepoteza mkono lakini hakuiacha kamera

UKITAJA jina la Amin mjini Koboko, kila mtu atadhani unamzungumzia Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake unatoka huko. Lakini kijana mmoja wa Koboko aliponiletea kamera ya marehemu baba yake hapa Arua, ninakofanya ufundi wa kamera za mkanda, Amin aliyenijia akilini alikuwa mwingine: hayati Mohamed Amin wa Kenya, ambaye wenzake walimwita Mo.

Kamera ilikuwa na maradhi mawili. Mshale wa kipima mwanga haukusogea hata ukielekezwa juani, na visahani vya shata vilivyo ndani ya lenzi havikufunguka nilipobonyeza. Kijana alitaka nifungue mgongo tuangalie ndani. Nilimzuia. Nilizungusha taratibu kitasa cha kurudishia mkanda nikahisi kinavuta: mle ndani mlikuwa na mkanda, na kidirisha cha hesabu kilisoma 14. Baba yake alikuwa amepiga picha 14 kabla hajafariki, na mwanga ukiingia zote zingeungua.

Kijana alikuwa amekata tamaa, akiamini kamera ambayo kipima mwanga chake kimekufa ni ya kutupwa. Ndipo nilipoanza kumsimulia habari za Mo.

Mo alizaliwa Agosti 29, 1943, Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Kipunjabi ambayo baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia. Kamera yake ya kwanza, aliyoipata akiwa bado mtoto, ilikuwa Box Brownie iliyokwisha kutumika. Mimi nimefungua kadhaa za aina hiyo. Ni sanduku tu: halina kipima mwanga, na shata yake ina mwendo mmoja wa kawaida. Anayejifunza kwa sanduku hilo hulazimika kusoma jua lenyewe, kwa kuwa hakuna mshale wa kumwambia lolote.

Mwaka 1963, akiwa bado kijana, alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, naye akavuka bahari kuyapiga picha. Mwaka 1966 Zanzibar hiyohiyo ilimtia gerezani kwa karibu mwezi mzima, na baadaye makao yake yakawa Nairobi. Julai 5, 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi, Mo alifika upesi na kupiga picha za dakika zake za mwisho. Na yule Amin wetu wa Koboko? Alipokuwa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 1980, mwandishi Brian Barron wa BBC alimfuata hadi huko kumhoji, na aliyeshika kamera alikuwa Mo. Amin kwa Amin!

Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha za wenye njaa waliokuwa wakifa alfajiri katika baridi zilitangazwa Oktoba 23, na dunia ikashtuka. Ndizo zilizomfanya Bob Geldof akusanye wanamuziki, hadi likafanyika tamasha la Live Aid Julai 1985.

Halafu ikaja Juni 1991. Ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa wakati Mo na wenzake wakilipiga picha. John Mathai, fundi wake wa sauti, alifariki. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Msomaji ambaye hajawahi kushika kamera ya zamani huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Kidole cha kulia hubonyeza tu. Mkono wa kushoto ndio unaobeba lenzi, unaozungusha pete ya kulenga na, katika kamera nyingi, pete ya tundu la mwanga. Aliyeupoteza amebaki na kitufe bila macho. Mo alitengenezewa mkono wa bandia nchini Marekani na miezi michache baadaye alikuwa kazini tena. Kila ninapolalamika kwamba bisibisi yangu imepotea, humkumbuka yeye nikanyamaza.

Novemba 23, 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Watu 125 kati ya 175 waliokuwamo walikufa, Mo akiwa mmoja wao.

Usiku ule, ndani ya chumba chenye giza totoro, niliutoa mkanda nikaufungia kwenye kikopo chake. Kesho yake nilishughulikia shata: mafuta ya zamani yalikuwa yameganda juu ya visahani, na vumbi letu la kiangazi likayafanya kama gundi. Niliyafuta kwa spiriti safi, bila kuongeza tone la mafuta, na shata ikaanza kufyatuka. Kipima mwanga kilikuwa kile kisichotumia betri. Jicho lake la kioo limechakaa na halitibiki. Kingekuwa cha betri ningemwonya pia, maana betri za zebaki za volti 1.35 hazitengenezwi tena, na ukiweka ya volti 1.5, mara nyingi kipima hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, picha zikatoka na giza.

Nilimwandikia kijana kwenye karatasi: jua kali, tundu 16, mwendo wa shata ukaribiane na namba ya mkanda, mkanda wa 100, sekunde moja kwa 125. Aliikunja akaitia mfukoni pamoja na kikopo, akapanda gari la Koboko. Mkanda atautuma Kampala kusafishwa.