Bill Pickett: Kauboi mweusi aliyeangusha mafahali kwa meno

Kama ulicheki The Harder They Fall kwa Netflix 2021, unamkumbuka Bill Pickett, yule msee wa bunduki ndefu. Aliyemcheza ni Edi Gathegi, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Sasa shika hii: Pickett wa muvi ameazima jina tu. Pickett mwenyewe aliishi kweli, na bunduki haikuwa stori yake. Stori yake ilikuwa farasi. Na meno. Ndiyo, meno.

Alizaliwa Texas, Desemba 5, 1870, mtoto wa pili kati ya 13. Mbuyu yake alizaliwa mtumwa, na utumwa ulikuwa umeisha huko miaka mitano tu. Kijana alifika darasa la tano, akaacha shule, akaanza kuhustle kwa ranchi. Usidanganywe na muvi za kitambo ati kauboi wote walikuwa wazungu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kati ya kauboi wanne, mmoja hivi alikuwa mweusi.

Akiwa bado mdogo aliona kitu. Mbwa aina ya buldogi alikuwa akimuuma ng'ombe mkaidi kwa mdomo wa juu, na ng'ombe anatulia tuli. Wewe ungeona hivyo uendelee na safari yako. Pickett alijiuliza mbona yeye asijaribu.

Hebu jiweke kwa hayo mavazi yake. Uko juu ya farasi anayekimbia full spidi, kando yako kuna fahali naye anakimbia. Unaruka kutoka kwa tandiko, unadaka pembe zote mbili, unamnyonga shingo mpaka pua iangalie mawingu. Halafu unamuuma mdomo wa juu, unaachilia mikono, na unajitupa chini kando yake. Fahali anaanguka na wewe. Mchezo ukaitwa kubuldogi.

Watu hushangilia meno na kumsahau farasi. Kwa asili yake farasi hataki kukaribia mnyama mwenye pembe. Lazima umfundishe pole pole, siku baada ya siku, akimbie sambamba na fahali bila kukata kona, na mzigo ukiruka kutoka mgongoni asishtuke. Akipinda kidogo tu, wewe unatua kwa vumbi au kwa pembe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Pickett kila siku. Yeye na ndugu zake walifungua biashara pale Taylor, Texas, ya kufuga farasi wakali wakubali kupandwa. 1890 alioa Maggie Turner, wakapata watoto tisa. Kwa hivyo kulikuwa na midomo ya kulishwa, si sifa tu.

Tatizo lilikuwa rangi. Mashindano mengi ya rodeo hayakutaka mweusi, basi wakati mwingine alitangazwa kama Mhindi Mwekundu ndio aruhusiwe kuingia. Fikiria manze: wewe ndiye umeanzisha mchezo, halafu unaucheza kwa kabila la kuazima.

1904 alibamba mashabiki wa Cheyenne, Wyoming. Mwaka uliofuata akaingia mbogi ya ndugu wa Miller, wenye 101 Ranch kule Oklahoma. Juni 1905 walifanya shoo moja iliyovuta watu wanaokadiriwa 65,000. Yaani Kasarani ijae na wengine wabaki nje kwa geti.

Noma yenyewe ilikuwa Mexico City, Desemba 1908. Bosi wake, Joe Miller, alijigamba mbele ya wapigana-fahali wa huko kwamba msee wake anaweza kumshika fahali wa vita, na akaweka dau la peso 5,000. Angalia vizuri nani aliweka ganji na nani aliweka mbavu. Pickett aliingia na farasi wake mpendwa, Spradley. Fahali akamchoma Spradley na pembe kwa nyuma. Pickett akaruka, akadaka pembe, akang'ang'ana juu ya hicho kichwa kwa dakika saba na nusu, wakati dau lilidai tano. Umati uliona mchezo wao umedharauliwa, ukaanza kumrushia chupa. Alitoka na mbavu zimevunjika. Bosi akashinda dau. Spradley alipona, na kama wewe ni mtu wa wanyama najua hilo ndilo ulikuwa unangoja.

1914 walivuka mpaka London, wakacheza mbele ya Mfalme George V. Vita vikalipuka mwaka huo huo, na serikali ya Uingereza ikachukua farasi wengi wa shoo kuwapeleka jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pickett alitokea kwa filamu, The Bull-Dogger, iliyotengenezewa watazamaji weusi. Imebaki vipande tu.

Hakuwahi kuacha farasi. Machi 1932, akiwa na miaka 61, ranchi ikiwa imefilisika, alikuwa bado anashughulika na farasi pale 101. Mmoja wao akampiga teke la kichwa. Alilala bila fahamu siku kadhaa, akafariki Aprili 2. Rafiki yake Will Rogers, staa mkubwa wa enzi hizo, alitangaza kifo chake kwa redio.

Mchezo wake haukufa naye. Leo kwa rodeo za Marekani wanaufanya kwa sekunde nne hivi, na mpanda farasi wa pili hukaa upande wa kulia kumzuia fahali asitoroke. Hakuna anayeuma tena, buda. Miaka ya 70 mwanzoni ndio jina lake liliingia kwa jumba la heshima la rodeo, mweusi wa kwanza kabisa.

Halafu posta ya Marekani nayo ikaamua kumpa stempu, itoke 1994. Mamilioni yakachapishwa. Familia yake ikacheki ile sura na kuwaambia huyo si Bill, huyo ni ndugu yake Ben. Ikabidi stempu zirudishwe na nyingine zichapishwe upya, safari hii na sura yake mwenyewe.