Mguu wa Daktari Little

Lugha yetu ina tabia ya kumtia mwenye kilema katika umbo la vitu: kiwete, kiziwi, kipofu. Upatanisho wa kisarufi humrudishia utu wake, kwani twasema kiwete amefika wala si kimefika, lakini kiambishi kimeshambandika.

William John Little, aliyezaliwa London mwaka 1810, hakuhitaji sarufi yetu ili aonje uchungu huo. Polio ilimshika utotoni, ikamwachia mguu wa kushoto wenye wayo uliopinda kuelekea ndani, yaani mguu kifundo. Wenzake shuleni wakamwita bata achechemeaye.

Aliposomea udaktari, alitambua kwamba kano ya kisigino, iliyokuwa fupi mno, ndiyo iliyouvuta wayo wake. Kwa nini basi isikatwe? Mfaransa Delpech alikuwa ameikata kano kama hiyo mwaka 1816, kidonda kikatunga usaha, naye hakurudia tena. Mabingwa wa London waliogopa, wakamkataza Little.

Kule Hanover, Ujerumani, Georg Friedrich Louis Stromeyer alikuwa amebuni njia nyingine tangu 1831. Alipenyeza kisu chembamba kupitia tundu dogo la ngozi, akaikata kano bila kuifunua, na baada ya siku chache akaufunga wayo katika chombo cha kuunyosha polepole. Little alimwendea. Tarehe 6 Juni 1836 alikatwa kano pasipo nusukaputi, ambayo ilikuja kutumika katika upasuaji miaka kumi baadaye.

Wayo ulinyoka. Badala ya kukimbilia nyumbani, Little alibaki kujifunza kazi hiyo, akaiandikia tasnifu ya udaktari huko Berlin, na mnamo Februari 1837 akaufanya upasuaji huo London. Baadaye akaanzisha hospitali ya kutibu vilema vya viungo.

Hata hivyo, tusikipe kisu sifa zote. Watoto wengi wenye mguu kifundo leo huzaliwa nao, na katika mbinu ya Ignacio Ponseti wayo hunyoshwa kwanza kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Kisha wengi wao hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, takribani kama alivyofanya Stromeyer. Halafu huja viatu vilivyounganishwa kwa ufito, vya kuvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye wakati wa kulala hadi umri wa miaka minne au mitano. Hapo ndipo mambo huharibika. Mzazi huona wayo umenyoka, akaviweka viatu kando, nao wayo ukarejea upindani. Itabidi plasta zianze upya, na mtoto aliyepita miaka miwili na nusu huenda akahitaji kuhamishiwa kano ya msuli wa mbele ya mguu. Upasuaji mkubwa wa kufungua viungo, uliopendwa katika miaka ya 1970 na 1980, uliwaachia wengi nyayo ngumu zenye maumivu.

Kwa hivyo mwalimu wa chekechea amwonaye mtoto akikanyagia ukingo wa nje wa wayo asidhani ni mazoea tu. Amwite mzazi.

Little alifariki mwaka 1894. Mmoja wa wanawe, ambaye naye alikuwa daktari mpasuaji, alikuwa amempa jina la Louis Stromeyer.