Cicely Williams: Daktari aliyepigania titi la mama

MAMA aliyeajiriwa katika mtaa wa Tena, Eastlands jijini Nairobi, ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi 3. Kliniki nayo humshauri amnyonyeshe mwanawe maziwa yake pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Miezi 3 inayosalia huwa ya chupa na uji mwepesi. Miongoni mwa madaktari wa kwanza kulitangaza jambo hili hadharani kuwa la kufa na kupona ni Cicely Williams.

Alizaliwa Desemba 2, 1893 kisiwani Jamaica, katika ukoo wa walowezi wa Kiingereza. Alipata nafasi ya kusomea udaktari Oxford wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume walipokuwa vitani, akahitimu mwaka wa 1923. Mwaka wa 1929 serikali ya kikoloni ikamtuma Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo.

Huko alipokea watoto waliovimba miguu na matumbo, nywele zimefifia rangi na ngozi inabambuka. Madaktari wenzake walidai ni pelagra. Yeye aliwauliza akina mama wa kabila la Ga, nao walikuwa na jina tayari: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeachishwa titi kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Ndani ya jina hilo mlikuwemo chanzo chenyewe, jambo ambalo wasomi hawakuliona. Aliyaeleza maradhi hayo katika jarida la kitabibu mwaka wa 1933, na miaka miwili baadaye akalitumia jina hilo katika Lancet. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Katika hospitali ya Mulago, Uganda, Hugh Trowell, aliyeanzia kazi yake Kenya, alichapisha pamoja na wenzake kitabu kizima juu ya maradhi hayo mwaka wa 1954. Kwa Kiswahili huitwa unyafuzi.

Mwaka wa 1936 alihamishiwa Malaya. Alikuta maziwa mazito ya mkebe yenye sukari yakisifiwa kuwa chakula bora cha watoto wachanga, na wanawake waliovishwa sare kama za wauguzi wakitumwa kuwashawishi wazazi. Mwaka wa 1939, mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore, alitamka kwamba vifo vilivyotokana na ulaghai huo vihesabiwe kuwa mauaji. Wasikilizaji wake walikuwa wafanyabiashara.

Wajapani walipoiteka Singapore mwaka wa 1942, alifungwa Changi hadi 1945, kwa muda akiteswa mikononi mwa polisi wa kijeshi. Kwa hesabu yake mwenyewe, watoto 20 walizaliwa kambini. Wote walinyonyeshwa, na wote wakaishi, japo mama zao walikuwa na njaa.

Mwaka wa 1948 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Popote alipofundisha alisisitiza kwamba muuguzi amfuate mama nyumbani, azungumze pia na nyanya wa mtoto, wala asingoje ugonjwa uletwe hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 87 mataifa yalipopitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, mwaka wa 1981. Alifariki Oxford Julai 13, 1992.

Kenya ilitunga sheria yake kuhusu maziwa hayo mwaka wa 2012. Watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 60. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mama mwenye kibanda cha mboga Tena hana mwajiri. Hutegemea jirani, na mhamasishaji wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba.