Martinus Beijerinck: Aliyetenga bakteria wanaolisha maharage
Mkulima wa Masaka, jijini Kigali, anapong'oa mche wa maharage huona vinundu vidogo mizizini. Aliyefaulu kwanza kuwatenga bakteria waishio humo ni Martinus Beijerinck, Mholanzi aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1851, mtoto wa mfanyabiashara wa tumbaku. Alifanikiwa mwaka 1888, akiwa mtafiti katika kiwanda cha hamira mjini Delft. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nafuu kubwa kwa asiyemudu mbolea. Hata hivyo, udongo ukikauka kazi yao hufifia. Ukame huunyima mmea maji na chakula kwa pamoja. Beijerinck alifariki mwaka 1931. Leo bakteria wa aina hiyo huoteshwa maabara na kupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda.