Anne Sullivan: Mwalimu Aliyesoma kwa Macho Mabovu ili Mwanafunzi Wake Asome

Katika shule nyingi za sekondari zenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kuna chumba kimoja chenye mashine ya nukta nundu, vitabu vya maandishi makubwa na mwalimu mmoja au wawili. Mwanafunzi asiyeona husoma darasani na wenzake, kisha huenda kwenye chumba hicho kusaidiwa pale alipokwama. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, kabla utaratibu huo haujazoeleka, kazi yote ya chumba hicho ilifanywa na mwanamke mmoja kwa vidole vyake. Huyo ni Anne Sullivan. Wengi wetu tunamfahamu mwanafunzi wake, Helen Keller, kuliko tunavyomfahamu yeye.

Anne alizaliwa Aprili 14, 1866, katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Akiwa na umri wa miaka mitano hivi alishikwa na trakoma, ugonjwa ambao huku kwetu tunauita vikope, na ambao wasikilizaji wetu wa mikoa ya kati wanaujua vizuri. Vikope huenezwa na nzi, mikono michafu na vitambaa vinavyofutiwa macho ya watu zaidi ya mmoja. Usipotibiwa, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka uoni unapotea. Leo kuna dawa na upasuaji mdogo. Anne hakupata tiba ya maana, akakua akiona ukungu.

Mama yake alifariki, na baba akashindwa kulea. Mwaka 1876 Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa kwenye nyumba ya serikali ya kuhifadhi maskini huko Tewksbury. Humo waliishi pamoja na wazee, wagonjwa na watu wenye maradhi ya akili. Baada ya miezi michache tu Jimmie alifariki. Anne alibaki humo miaka minne bila kusoma herufi hata moja.

Mwaka 1880 ulifika ujumbe wa ukaguzi. Anne, aliyekuwa na miaka 14, aliwafuata wakaguzi na kuwasihi wampeleke shule. Oktoba mwaka huo alianza masomo katika Shule ya Wasioona ya Perkins, mjini Boston. Aliwakuta wasichana wa umri wake wakisoma vizuri, naye hajui hata kuandika jina lake. Alichekwa, na yeye akawa mkali, mwenye kujibizana na walimu. Lakini alisoma. Alifanyiwa upasuaji wa macho uliomrudishia sehemu ya uoni, na mwaka 1886 alihitimu akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Hapo Perkins aliishi Laura Bridgman, mwanamke kiziwi asiyeona aliyekuwa amefundishwa lugha miaka mingi kabla. Kutoka kwake Anne alijifunza alfabeti ya vidole, yaani kuandika maneno herufi kwa herufi ndani ya kiganja cha mwenzako.

Machi 3, 1887, Anne aliwasili Tuscumbia, jimbo la Alabama, nyumbani kwa familia ya Keller. Helen alikuwa na miaka sita. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea uoni na usikivu akiwa na miezi 19. Alikuwa akipiga, akirusha sahani na kula kwa kuchota chakula cha wengine mezani, na hakuna aliyemkataza kwa sababu walimwonea huruma. Anne alianza na nidhamu, huku akiandika majina ya vitu katika kiganja cha mtoto kutwa nzima. Mapema Aprili, maji ya bomba yakimwagikia mkono mmoja na herufi zikiandikwa katika mkono wa pili, Helen alitambua kwamba kila kitu kina jina.

Kisa hicho cha bomba ndicho husimuliwa zaidi. Kazi nzito zaidi ilikuja sekondari. Mwaka 1896 Helen aliingia shule ya wasichana ya Cambridge, Massachusetts, kujiandaa kwa chuo. Ilikuwa shule ya wanafunzi wanaoona na kusikia. Anne aliketi kando yake darasani akihamisha maneno ya walimu kwenda kiganjani. Vitabu vingi havikuwa katika nukta nundu, kwa hiyo jioni alivisoma mwenyewe, kwa macho yaleyale mabovu, na kuvituma kwa vidole ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka 1897 ulizuka mgogoro. Mkuu wa shule, Arthur Gilman, aliona Helen anachoshwa, akataka masomo yake yarefushwe na mwalimu wake atenganishwe naye. Alimwandikia mama yake Helen, na mwanzoni mama alikubali. Anne alikuwa karibu kupoteza kazi ya miaka kumi. Mama alipofika na kujionea hali, alibadili uamuzi na kumwondoa binti yake shuleni. Helen alimalizia maandalizi kwa mwalimu wa nyumbani, Anne akiwa kando yake.

Mitihani ya mwisho ya kuingia chuo ilifanyika mwaka 1899. Safari hii Anne hakuruhusiwa kumsomea maswali. Karatasi ziliandikwa kwa nukta nundu za Kimarekani, na alama zake za aljebra hazikuwa zile ambazo Helen alikuwa amezizoea. Alitumia muda mwingi kuzing'amua alama zenyewe kabla ya kukokotoa. Alifaulu hata hivyo, akaingia Chuo cha Radcliffe mwaka 1900 na kuhitimu kwa heshima mwaka 1904. Anne alihudhuria vipindi vyote hivyo, lakini hakupewa shahada.

Mwaka 1905 aliolewa na mwandishi John Macy, ndoa ambayo haikudumu. Aliendelea kusafiri na Helen katika mihadhara, na kuanzia mwaka 1924 walichangisha fedha kwa ajili ya wasioona. Chuo Kikuu cha Temple kilipotaka kumtunuku shahada ya heshima alikataa kwanza, kisha akakubali mwaka 1932. Mwishoni mwa maisha yake uoni ulimtoka kabisa. Alifariki Oktoba 20, 1936, Helen akiwa kando ya kitanda, na majivu yake yakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington.

Maisha yake yanatuachia jambo la kuangalia katika shule zetu. Mtoto asiyeona anaweza kuandikishwa sekondari na bado akabaki nje ya somo, ikiwa kitabu chake kinachelewa au mtihani wake umeandikwa kwa alama asizofundishwa. Mzazi unayempeleka mtoto kwenye kitengo, uliza mapema: vitabu vya nukta nundu vipo, nani atamsomea visivyopo, na mtihani ataufanyaje? Helen alikuwa na Anne wa kumjibu maswali hayo yote. Watoto wetu wanamtegemea mwalimu wa kitengo, ambaye mara nyingi ana wanafunzi wengi na mikono miwili tu.