Fundi Konde na Wimbi la Sauti

Kila nisikiapo vijana wetu wa Malindi na Kilifi wakijivunia mitambo ya kutikisa na kuzidisha sauti, mimi humkumbuka Fundi Konde, Mgiriama wa pwani hiyo hiyo, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki dunia mwaka 2000.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na kikosi cha burudani cha jeshi la Afrika Mashariki, akafika hadi Burma akiwatumbuiza askari. Aliporejea alirekodi nyimbo kama Tausi na Majengo Siendi Tena, naye huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Baadaye alivuka upande wa pili wa kioo cha studio, akawa fundi wa mitambo ya kurekodi. Jina likaoana na kazi.

Sasa hebu tulitazame doido lile liitwalo korasi. Mtambo huichukua sauti moja, ukaifanyia nakala, ukaichelewesha nakala hiyo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Muda huo wa kuchelewa nao haukai mahali pamoja. Hupanda na kushuka mfano wa maji kujaa na kupwa. Nakala ikichanganywa na sauti ya asili, sikio hudhani waimbaji ni wengi. Kumbe mtambo unaiga tu tabia ya wanadamu, ambao wakiimba pamoja hawalingani kamwe kwa ukamilifu. Uzuri huo Fundi Konde aliupata kwa sauti za watu zilizofuatana kwa karibu, na mtetemo wa nyuzi ulitoka vidoleni.

Sisemi mitambo itupwe. Yeye mwenyewe hakuikimbia. Aliipokea mapema kuliko wengi. Nisemalo ni kwamba chombo hakimfunzi nahodha bahari. Asiyejua kuimba, korasi itamzidishia makosa yake.

Lakini vijana watajifunzaje kwa mzee wasiyemsikia? Rekodi zake za miaka ya 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1994 na kampuni ya RetroAfric ya London. Tunaishukuru. Hata hivyo, mali ya mzazi haifai kutunzwa na jirani peke yake. Serikali ya Kaunti ya Kilifi na wenye santuri kuukuu majumbani wazikusanye, zinakiliwe, zisikilizwe shuleni, kabla kutu na vumbi havijazinyamazisha.