Joseph Papp: Msee Alidinda Kulipisha Watu Ata Dola Moja

Unakumbuka Agosti 2025 venye Lupita alijaa kwa kila simu? Alikua Central Park, New York, akicheza Viola kwa Twelfth Night ya Shakespeare, na bro yake wa damu, Junior Nyong'o, akicheza pacha wake. Dairekta alikua Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya pia. Mahali flani kwa mchezo hao wawili waliongea Kiswahili mbele ya watu wa New York. Safi sana. Lakini kuna kitu pengine ilikupita: tikiti zilikua zinapeanwa bure. Na ni bure juu kuna buda mmoja alipigania hiyo maneno hadi kortini, 1959. Jina lake Joseph Papp.

Alizaliwa 22 Juni 1921 huko Brooklyn, na jina la familia lilikua Papirofsky. Wazazi walikua Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Buda yake alikua fundi wa masanduku, mathe alishona nguo, na doh ilikua shida kila siku. Kijana aling'arisha watu viatu ndio apate kitu mfukoni. Shakespeare alimjulia kwa laibrari ya mtaa, ile ya kuingia bila kulipa. Shika hiyo point, ndio utaelewa ukaidi wake mbele.

Alitumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasomea uigizaji Hollywood, alafu akapata job ya kusimamia steji kwa televisheni ya CBS. Hiyo ndio ililipa rent. Roho yake ilikua kwingine. 1954 alianzisha kundi la Shakespeare ndani ya kanisa Lower East Side. 1956 wakatoka nje, uwanja wa wazi kando ya East River, kiingilio sufuri. Mwaka uliofuata wakapakia steji kwa lori, wakazunguka mitaani, mwisho wakatua Central Park.

Shida zikaanza kumiminika. 1958 aliitwa na ile kamati ya Bunge la Marekani iliyokua inawinda wakomunisti. Walitaka achome wenzake. Akadinda. CBS ikamfuta. Akapigana kupitia chama cha wafanyakazi hadi akarudishiwa kazi yake.

Kabla apumue, akakutana na Robert Moses. Huyu alikua bosi wa bustani zote za jiji, yaani fikiria kanjo, alafu uzidishe mara mia. Moses akasema Papp lazima alipishe watu kuingia, dola 1 au 2 hivi, ya kurekebisha nyasi inakanyagwa. Nyasi! Ukweli usemwe, wengi wetu tungelipisha tu na maisha iendelee. Papp hakua na doh, na bado alikataa. Alienda korti, akaangushwa, akakata rufaa, akashinda. Hapo ndio jiji likaanza kupanga kumjengea ukumbi. Delacorte Theater ikafunguliwa 1962, viti karibu 1,800, na mchezo wa kwanza ulikua The Merchant of Venice, ule Nyerere alikuja kutafsiri ukaitwa Mabepari wa Venisi. Mmoja wa waigizaji alikua James Earl Jones. Unajua sauti yake: ni Mufasa wa Lion King.

Sasa, Shakespeare ni rahisi, hadai malipo. Papp alitaka pia waandishi walio hai, wale hakuna mtu amewai kuwaskia. 1967 akafungua Public Theater kwa jumba kuukuu la laibrari ya Astor, Lafayette Street. Baadaye jiji lililinunua na kumkodishia kwa dola 1 kwa mwaka. Hii si biashara ya kugawana faida. Pesa ikiingia, iwe ni ya tikiti ama ya wafadhili, inarudi kwa mchezo unaofuata, na mingi inaanguka. Mchezo wa kwanza hapo ulikua Hair, wa kuimba, kuhusu vijana wanaokataa vita vya Vietnam. 1968 ulienda Broadway chini ya watu wengine, na doh mob ikaenda nao. Public ikabaki inaangalia.

Mara ya pili hakulala. 1974 Michael Bennett alikuja na kanda za madansa wakisimulia maisha yao usiku kucha. Hakukua na skripti wala ata wimbo mmoja. Papp akampa chumba na miezi ya kujaribu, madansa wakilipwa dola 100 kwa wiki. 1975 ikatoka A Chorus Line. Ilikaa Broadway hadi 1990, shoo 6,137, na safari hii mamilioni yalirudi nyumbani kulipia michezo ya watu wasiojulikana.

Lakini wale madansa walikua wamesaini kupeana stori zao kwa dola 1. Baadaye Bennett aliwapa kipande kidogo cha mapato. Makaratasi yalikua ya Bennett, sawa, lakini hiyo pesa ndio ilishikilia nyumba ya Papp. Kama umewai kulipwa kwa ekspozha, unajua venye hiyo inauma.

Na hakua malaika. Alioa mara nne, alikosana na watu kila saa. Lakini ni kwake Charles Gordone alitoa mchezo uliomfanya mwandishi wa kwanza mweusi kushinda Pulitzer ya tamthilia, 1970.

Alifariki 31 Oktoba 1991 kwa saratani ya tezi dume, miezi michache tu baada ya kumzika kijana wake Tony, aliyeuawa na UKIMWI. Alikua na miaka 70. Hamilton ilianzia kwa jumba lake 2015 kabla iende Broadway. Na pale Delacorte, kiangazi kikifika, wasee bado hupanga laini asubuhi mapema, wengine na blanketi, wakingoja tikiti ya sufuri.